Wino wa Dome

Riwal alitaka nyangumi.
Wanamuziki wote hutaka nyangumi:
ukubwa, ukiwa, mkia ukizama taratibu
kwenye jalada la santuri.
Nikamwambia nyangumi wamekwisha,
wa mwisho nimewauzia wapiga gitaa wa Brest.

Hapa Roscoff gereji yangu ilikuwa ghala la vitunguu,
vile vya waridi vinavyosukwa mikia
kama nywele za mwanafunzi.
Hadi leo ganda moja moja hudondoka kutoka darini,
hutua juu ya karatasi mbichi,
nami huliacha. Kuanguka kuna mkono mzuri kuliko wangu.

Jumanne nilimnunua dome kwa Soazig, sokoni,
euro saba na senti kadhaa.
Akauliza, "Wa kuchora au wa kula?"
"Ngoja kwanza nione anavyonitazama."
Jicho la dome ni herufi iliyokosa alfabeti,
mkunjo mweusi, kama mtu aliyefumba
ili aone zaidi.

Nikampasua polepole, nikautafuta mfuko.
Wino huu si rangi.
Ni hofu ambayo haikuwahi kutumika.
Aliiweka akiba kwa ajili ya siku mbaya,
na siku mbaya ilipofika
ilikuja na wavu, haikumpa nafasi.
Basi nakimbia mimi kwa niaba yake,
kwa brashi, kutoka kona hadi kona.

Karatasi ya kwanza: uongo.
Ya pili: ua.
Ya tatu nilimchora kwa ustadi mkubwa,
akafanana na dome, akafa mara ya pili.
Ya nne hadi ya tisa sizisemi.

Usiku Riwal akanitumia sauti, bila jina, bila maelezo:
klarineti besi, noti moja,
na kabla ya noti, pumzi yake,
kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.
Nikasikiliza mara kumi na nne.
Nilichokipenda ni kule kutafuta.
Noti yenyewe, uniwie radhi Riwal, ilinichosha.

Goulven, mlisha wanyama wa kituo cha utafiti,
alitufungulia mlango wa nyuma.
Riwal akapiga magoti mbele ya tangi,
akagusisha mdomo mpana wa klarineti na kioo,
akapuliza chini, chini kabisa,
mpaka maji yakasimama vipele.
Dome akageuka milia.
Kisha mchanga. Kisha kitu
ambacho sina penseli yake.
Sikuchora. Mkono ulikaa pajani
kama mgeni asiyejua aketi wapi.
"Huenda ni njaa tu," akasema Goulven.

Februari, kanisa dogo la Carantec,
watu thelathini na makoti yao.
Mimi na sahani ya kioo, taa chini yake,
ukuta mzima mbele yetu.
Tulikubaliana: nikidondosha tone, anyamaze;
tone likitambaa, alifuate.
Maiwenn wa besi hakukubaliana na lolote,
na hilo ndilo lililotuokoa.
Kwani katikati mkono ulinitetemeka,
wino ukamwagika wote,
ukuta ukawa usiku,
ukumbi ukavuta pumzi,
na pumzi ile, naapa, ilikuwa ileile
ya mtu anayetafuta funguo.
Riwal hakupiga kitu.
Maiwenn akagonga ubao wa besi mara moja tu,
kama anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Santuri imetoka. Mpiga chapa kakata kingo,
jicho limebaki nusu,
tumegombana kwenye simu siku mbili.
Chini, kona ya kulia, kuna alama ndogo ya waridi.
Mwandishi mmoja wa gazeti kaiita jua likichwa,
mwingine jeraha.
Ni ganda la kitunguu.

Na dome wa Soazig?
Nilimkaanga jioni ileile, kwa siagi ya chumvi
na vitunguu viwili,
nikamla nimesimama, peke yangu,
midomo ikawa myeusi.
Nikajitazama kwenye mgongo wa kijiko.
Sikufuta.